Tuta la Mbuga ya Nsuwa

Tope lililofunikwa halikauki. Kabla halijawa methali, neno hili lilikuwa jibu tu, na aliyejibiwa alikuwa mtu mzima mwenye mvi kichwani.

Vijana watatu wa Mlenje walilisikia asubuhi moja kwenye kikao cha ukoo, wazee walipokuwa wakiwapatanisha ndugu wawili waliokuwa hawasemezani kwa miaka. Mmoja wa wale ndugu alisema yaliyopita yamepita, tupeane mikono kila mtu arudi kwake. Mzee Klementi akatikisa kichwa, akalitamka neno hilo, na kikao kikaanza upya. Walipotoka, vijana walimsindikiza mzee wakamwuliza neno lile limetoka wapi. Yeye alikuwa dereva wa boza, lori la kubebea maji, enzi barabara ya Mlenje inajengwa, na mambo mengi ya siku zile aliyaona kwa macho yake. Aliketi kwenye ukingo wa kalvati, akaunyoosha mguu wake mbovu, akawasimulia.

Alikuwepo mtu akiitwa Gaudensi Sikazwe, mzaliwa wa Mlenje hapa hapa, Ufipa ya bondeni. Alitoka nyumbani akiwa na miaka ishirini akafuata mitambo ya barabara. Alianza na sururu na koleo, akapanda greda, na alipofika miaka thelathini na minne alikuwa msimamizi wa matuta, ule udongo unaoinuliwa barabara ipite juu yake. Alikuwa mtu wa kukanyaga udongo mara mbili kwa kisigino akakwambia kama umeshiba maji au una kiu. Alijenga Tunduru, akajenga Kibondo, akajenga Makete. Mkewe Skolastika na watoto wao wawili waliishi Makambako, naye akawa mtu wa kambini, mwenye godoro jembamba na sanduku la bati.

Huko alikozunguka, Mlenje ilimjia katika mambo madogo. Akisikia harufu ya ulezi unaokaangwa kwa jirani, aliacha alichokuwa akikisema. Akimwona mama mmoja anawaita mbuzi, alisimama mpaka mbuzi waishe kupita. Lakini nyumbani hakwenda. Kwa miaka tisa hakwenda, na sababu aliyokuwa akiitoa ilikuwa moja: mvua.

Sababu hiyo ilikuwa na kichwa na miguu. Mlenje iko ng'ambo ya mbuga ya Nsuwa. Kiangazi, udongo mweusi wa mbuga hupasuka mipasuko ya kuingiza mkono, na mkokoteni wa ng'ombe hupita bila shida. Mvua zikishika, udongo ule ule huwa uji, na kuanzia Desemba hadi Mei Mlenje ilikuwa kisiwa. Ilibaki njia ya mlimani tu, siku mbili kwa miguu juu ya mawe.

Baba yake alifariki mwezi Machi, mbuga ikiwa imejaa. Wakati ule Gaudensi alikuwa ndiyo kwanza amepewa usimamizi, na wiki ile ile zege la daraja kubwa lilikuwa linamwagwa. Mdogo wake, Osvald, alimpigia simu. Gaudensi akajibu, "Mvua imefunga njia. Nitakuja maji yakipungua." Maji yakapungua, hakuja. Alituma sukari, akatuma mablanketi, akatuma redio. Njia ya mlimani hakuitaja, na hakuna aliyemwuliza.

Basi kampuni aliyoifanyia kazi ikapata kandarasi ya kujenga barabara ya kilometa arobaini na nane kutoka mjini hadi Mlenje. Gaudensi alikwenda mwenyewe ofisini akaomba apelekwe huko. Walimpa usimamizi wa sehemu ngumu kuliko zote, tuta la kukatiza mbuga ya Nsuwa.

Kazi ilianza Mei, na kila wiki barabara ilimsogeza karibu. Ilipofika Agosti mitambo ilianza kusikika Mlenje asubuhi, kabla upepo haujaamka. Osvald alipanda kichuguu chenye mtandao akampigia.

"Kaka, mama kila siku anatoka nje anasikiliza. Anauliza, lipi katika magari hayo ni la Gaudensi?"

Gaudensi aligeuka kutazama greda. "Mwambie lile linalopiga honi mara tatu."

Tangu siku hiyo, kila kazi ilipoanza, dereva wa greda alipiga honi mara tatu, na hakuna kambini aliyejua kwa nini isipokuwa yeye na Gaudensi.

Mama yake, Bi. Perpetua, alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kuzima. La kulia lilikuwa linafunga kutoka pembeni, akiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mwanzi. Mganga wa zahanati alimwambia madaktari bingwa wa macho watakuja hospitali ya misheni mjini wiki ya pili ya Desemba, nao huja mara moja tu kwa mwaka. Akipata tiba, kidogo kilichobaki kitabaki. Akikosa, mwaka mwingine hautamkuta na kitu. Bi. Perpetua hakuwa na tamaa ya kuona vingi. Alitaka kuwaona wajukuu wake wa Makambako, ambao hakuwahi kuwatia machoni. Gaudensi alipanga waje likizo ya Krismasi, kwa gari, juu ya tuta lake mwenyewe.

Sasa, tuta halijengwi kwa kumwaga kifusi tu. Unatandaza tabaka la shibiri moja, unalinywesha maji kwa kiasi, unapitisha rola mpaka ligome, ndipo unaweka jingine juu yake. Maji yakipungua, udongo haushikani. Yakizidi, rola likipita udongo unabonyea na kuinuka kama godoro. Kiangazi ilikuwa kazi ya Klementi na boza lake kuleta maji. Lakini tabaka likinyeshewa kabla halijashindiliwa, hakuna boza la kuyarudisha maji yalikotoka. Inabidi ulifumue, ulianike kama mahindi, ungoje jua. Na jua ni kitu ambacho mkandarasi hawezi kukiagiza popote.

Miaka mingine mvua za kwanza hugonga mwishoni mwa Novemba. Mwaka ule zilikuja tarehe sita ya mwezi huo huo. Zilikuwa zimebaki mita mia mbili tu, katikati ya mbuga, mahali pa chini kuliko pote. Saa tisa alasiri wingu lilitoka upande wa ziwa, likamwaga maji saa mbili mfululizo juu ya tabaka lililotandazwa mchana huo huo.

Asubuhi yake Gaudensi alikuta madimbwi. Bi. Leonsia, fundi wa maabara ya udongo, alikwisha kufika na buti zake za mpira. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ndogo, na kampuni nzima ilimwogopa kwa sababu hakuwahi kubadilisha jibu.

"Kaka Gaudensi, hili halifai. Lifumue."

"Nikilifumua litataka siku ngapi?"

"Nne za jua. Tano kama kuna mawingu."

Gaudensi alitazama juu. "Siku nne za jua mwezi huu nitazitoa wapi, dada?"

"Usipozipata tunasimamisha kazi. Mhandisi alishasema, pengo la mbuga lisipozibika kabla ya mvua tuliache wazi, tukinge tulichojenga, tuendelee Mei."

"Mei," alisema Gaudensi.

"Mei si mbali."

Kwake yeye, Mei ilikuwa mbali kama Tunduru.

Walilifumua siku ile, wakaligeuza kwa greda. Mchana mawingu yakafunga, manyunyu yakapita. Siku ya pili jua lilichungulia, likarudi. Siku ya tatu Bi. Leonsia aliitwa nyuma, kilometa ishirini, kupima zege la makalvati, na Mhandisi alikuwa Mbeya kwenye mkutano. Gaudensi alibaki peke yake mbele ya zile mita mia mbili. Mbele yake, ng'ambo, aliona paa za Mlenje, na moshi wa jikoni kwa mtu fulani. Akachukua konzi ya udongo akaiminya. Maji yakamtoka katikati ya vidole.

Pembeni kulikuwa na lundo la moramu kavu, changarawe nyekundu ya kutandaza barabarani, lililofunikwa turubai tangu Oktoba. Gaudensi alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, "Tandazeni moramu juu. Rola lifuate."

Dereva wa greda alizima injini ili asikie vizuri. "Na hili la chini, mkubwa?"

"La chini litakauka lenyewe. Moramu itanyonya."

Wote pale walijua moramu haitanyonya. Klementi alikuwa juu ya boza lake, na kazi siku hiyo hakuwa nayo, kwa maana maji yalikuwepo tele. Aliona, akawasha gari, akaondoka. Hakusema kitu, na jambo hilo analo mpaka leo.

Moramu ilishindiliwa ikawa nyekundu na ngumu, ukiigonga inalia. Bi. Leonsia aliporudi alichimba kitundu chake, akapima. La juu lilifaulu.

"Lile la chini lilikauka?"

"Lilikauka," alisema Gaudensi.

"Kwa jua lipi? Kule nilikokuwa hatukuliona."

"Huku lilitoka kidogo."

Bi. Leonsia alimtazama, akatazama moramu, akafunga vifaa vyake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita, na hakuwahi kumshika na uongo.

Jumamosi iliyofuata Gaudensi alipanda pikapu ya kazi, akaendesha polepole juu ya tuta. Tuta lilikuwa limenyooka, na gari halikutikisika hata mara moja. Kwa dakika nne alivuka mahali palipomtenga na nyumbani kwa miaka tisa. Upande wa pili alisimama, akaegemea usukani, akalia, kisha akajifuta uso na kuingia kijijini.

Bi. Perpetua alikuwa amekaa mlangoni. Alipomsikia aligeuza kichwa upande, kama kuku anayetazama punje, ili jicho lile moja limpate. Alimtazama kipande kwa kipande: paji la uso, pua, kidevu.

"Umeota mvi," alisema.

"Nimeota, mama."

"Za baba yako zilianzia hapo hapo."

Walikula ugali wa ulezi na dagaa, wakaongea habari za mashamba. Hakuna aliyeongea habari za Machi. Mama alimwuliza kama atapita makaburini; Gaudensi akasema ana muda mfupi, atapita siku nyingine.

Osvald alikuwa na hoja. "Kaka, mimi nilifikiri nimtoe mama kwa mkokoteni wiki hii, kwa njia ya zamani, kabla mbuga haijajaa. Akae mjini kwa binamu mpaka madaktari waje. Mvua zimewahi mwaka huu."

"Akae kwa watu wiki tatu kwa sababu gani?" alisema Gaudensi. "Barabara si hii? Siku mbili kabla ya madaktari nitamfuata kwa gari. Hata khanga yake haitalowa."

"Na tuta? Nasikia linahitaji kupita masika moja ndipo liaminike."

Hapo alipaswa kusema. Akaona mama yake amegeuza kichwa, lile jicho likimtafuta, na usoni ana furaha ambayo yeye ndiye aliyemletea.

"Tuta nimelijenga mimi," alisema.

"Basi, Osvald," alisema mama. "Mwenye barabara amesema. Nami nimalize kupanda maharage yangu."

Mvua kubwa ilianza tarehe ishirini na saba Novemba. Ilinyesha siku baada ya siku, mchana ikipumzika kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha ikiendelea. Maji ya mbuga yakapanda pande zote mbili za tuta. Siku ya tatu Gaudensi alitembea katikati, akahisi kitu miguuni. Moramu ilikuwa ngumu vile vile, lakini chini yake kulikuwa na mtikisiko, kama kutembea juu ya mlango uliowekwa juu ya maji. Siku ya tano ukatokea ufa mwembamba, umefuata urefu wa tuta. Alijaza ufa kwa mikono yake. Siku ya saba lori la mawe lilipita kwenda kukinga ukingo, na moramu ikafanya wimbi mbele ya matairi. Dereva aliona, akaruka. Upande mzima wa tuta ukateleza mbugani taratibu, karibu bila kelele, na lori likalala ubavu juu ya tope. Jioni maji yalikuwa yamekata njia. Katika zile mita mia mbili hapakubaki mahali pa kupitisha hata baiskeli, na njia ya zamani ya mikokoteni ilikuwa chini ya maji yanayofika kifuani.

Zilibaki siku tisa madaktari waje.

Gaudensi hakumwambia mtu. Alifunga mkate na chumvi kwenye mfuko wa nailoni, akaingia njia ya mlimani. Alitembea siku mbili ndani ya mvua, akiteleza na kuinuka, na usiku mmoja akalala chini ya mwamba. Kadiri alivyokwenda ndivyo alivyoona kwamba njia ile inapitika. Ilikuwa ngumu, ya mawe, ya kuumiza magoti, lakini ilikuwa ya siku mbili, kama watu walivyosema siku zote.

Aliingia kwa mama yake akiwa ametapakaa matope mpaka nyusi.

"Umepita wapi?" aliuliza Bi. Perpetua.

"Mlimani."

Mvua ilikuwa inapiga bati. "Mlimani," alirudia mama, polepole.

Siku iliyofuata Gaudensi, Osvald na majirani wawili walimbeba Bi. Perpetua kwenye machela ya miti na blanketi. Walimfikisha nusu ya siku. Kwenye mto wa pili maji yalikuwa yameongezeka usiku, yanaviringisha mawe, walisikia yakigongana chini. Walingoja yapungue, hayakupungua. Bi. Perpetua alitetemeka kwa baridi, midomo ikawa ya majivu, na Osvald akasema, "Kaka, tutamwua." Wakamrudisha.

Wiki ya pili ya Desemba ilikuja. Kila siku ya wiki ile Gaudensi alikaa karibu na mama yake, akijua kwamba hivi sasa, mjini, watu wanaitwa majina yao na kuingizwa ndani. Ijumaa ilipopita alihisi kama mtu aliyesimama kituoni akiangalia basi linapotea. Krismasi watoto hawakuja. Mwezi Februari Bi. Perpetua aliuliza asubuhi kama kumekucha, na Osvald alikuwa amekwisha kufungua mlango na madirisha yote.

Mwezi huo huo Gaudensi alirudi kambini kwa njia ile ile ya mlimani, akamwendea Bi. Leonsia kwanza.

"Lile tabaka sikulikausha. Nilikudanganya."

"Nilijua tuta lilipoanza kucheza," alisema. "Nilikuwa nakungoja."

Walikwenda wote wawili kwa Mhandisi. Mhandisi alimwondoa kwenye usimamizi. Gaudensi aliomba asifukuzwe, abaki hata kwa koleo, mpaka tuta lisimame. Akaruhusiwa. Watu aliokuwa akiwaamrisha walimwona sasa akila nao kwenye foleni ya vibarua, na wengi hawakujua waangalie wapi.

Maji yalipungua Mei. Jua likawaka Mei nzima, likawaka Juni, moramu iliyobaki upande uliosimama ikapauka na kutoa vumbi. Mwishoni mwa Juni walileta mtambo wa kijiko kulifukua tuta mpaka chini. Gaudensi alisimama kando na koleo lake. Meno ya kijiko yalikwaruza moramu kama yanakwaruza tofali, kipande kikubwa kikanyanyuka, na chini yake pakaonekana lile tabaka. Lilikuwa bichi. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na juu yake zilikuwepo alama za matairi ya greda za siku ile ya Novemba, kila mstari mahali pake, kama gari limepita asubuhi hiyo.

Bi. Leonsia aliinama akachovya kidole. "Miezi saba," alisema.

Walilitoa lote. Walilianika pembeni, likakauka kwa siku tatu likawa vumbi. Tuta likajengwa upya, tabaka kwa tabaka, na Agosti likakamilika. Hakuna gari lililomvusha Gaudensi mara hii. Alivuka kwa miguu, akakaa mkekani mbele ya mama yake.

Bi. Perpetua alikuwa anachambua maharage kwa vidole, mabovu akiyatambua kwa kuyagusa. Gaudensi alimweleza yote: mvua ya tarehe sita, moramu, uongo aliomwambia Bi. Leonsia, na siku ile Osvald alipotaka kuleta mkokoteni naye akamzuia huku akijua. Hakuacha kitu. Mwisho akasema, "Tulilikuta bichi, mama. Jua lote lile, na alama za matairi bado zipo."

"Tope lililofunikwa halikauki, mwanangu," alisema Bi. Perpetua. "Ulitaka likauke vipi?"

Gaudensi aliinamisha kichwa. Alidhani yameisha. Mama yake aliendelea na maharage, kisha mikono ikasimama.

"Hilo la mbugani umelisema. Na lile la Machi?"

Osvald, aliyekuwa mlangoni, alitaka kuondoka. Mama akamwambia akae.

"Shangazi yenu alikuja kumzika baba yenu kwa njia ya mlimani," alisema Bi. Perpetua. "Mwanamke wa miaka sitini. Nilimkanda miguu mwenyewe, imevimba kama viazi. Wewe ulikuwa kijana mwenye nguvu, ukasema mvua."

"Kwa nini hukuniuliza, mama?"

"Nilitaka useme. Ulipotuma sukari nilisema, labda ndani ya mfuko kuna neno. Ulipotuma redio nikasema, labda atafuata mwenyewe. Nilikuwa sina hasira, Gaudensi. Nilikuwa nakungoja uje mzima mzima, si nusu."

Ndipo akasema. Alisema kuhusu daraja na zege lake, na hofu ya kunyang'anywa cheo alichokipata jana yake. Alisema siku ya maziko alisimama kwenye zege akatoa amri kama kawaida, na usiku akashindwa kumeza chakula. Kisha aibu ikawa ndefu kuliko njia, na kila mwaka uliopita ukaiongeza. Alipomaliza, Bi. Perpetua alinyoosha mkono hewani, akaushika wa mwanawe, akasema waende makaburini. Walikwenda watatu, mama katikati. Walikaa kule mpaka mbuzi walipoanza kurudi wenyewe.

Desemba ile Skolastika na watoto walikuja, kwa gari, katikati ya mvua kubwa, juu ya tuta lililotulia. Mkubwa alikuwa na miaka tisa, mdogo sita. Bi. Perpetua aliwaita mmoja mmoja, akawapitisha vidole usoni, masikioni, kwenye meno yaliyong'oka. Alikawia sana kwa kila mmoja. Alikuwa akicheka kidogo, lakini vidole vilirudi tena na tena mahali pale pale, kama vinatafuta kitu ambacho vidole havikipati.

"Baba," aliuliza yule mdogo, shavu lake likiwa mkononi mwa bibi, "mbona bibi hatuoni?"

Wakubwa walitazama chini. Skolastika alianza kusema, "Bibi amezeeka, mwanangu..."

"Si uzee," alisema Gaudensi. "Ni kwa sababu yangu. Njoo ukae hapa nikwambie."

"Bado mdogo huyo," Skolastika alinong'ona. "Mwambie siku nyingine."

Bi. Perpetua alitikisa kichwa. Alimvuta mtoto karibu akampakata, akageuza uso kule sauti ya mwanawe ilikotoka, tayari kuyasikia yote kwa mara ya pili.

"Mwache aseme," alisema. "Tope lililofunikwa halikauki."